Mzigo wa Kuni Chini ya Mwegea

Nilipokuwa mtoto pale Mbingu, kulikuwa na asubuhi moja tu ambayo mtoto aliruhusiwa kumpita mtu mzima njiani bila kumwamkia, na asilaumiwe na mtu. Ilikuwa asubuhi ya kupeleka matubwitubwi kwenye mwegea. Mkubwa akikuona unakuja, mashavu yamevimba mpaka shingo haionekani, mzigo mdogo wa kuni kichwani, alikupisha na kutazama pembeni. Siku nyingine yoyote ungetoa shikamoo barabara nzima mpaka kisimani, na ukimsahau mmoja, habari ilifika nyumbani kabla yako.

Masharti niliyapata kwa bibi yangu, mzaa mama, aliyenilea, naye aliyapata kwa waliomtangulia. Kuni unaokota mwenyewe, unazifunga kwa kamba ya mgomba. Unatoka asubuhi kabla ya kula na kabla ya kusema na mtu yeyote. Ukifika unauzunguka mwegea mara saba, unasema, "Nimekuletea mzigo wako," unatupa kuni chini, unakimbia. Na sharti kubwa kuliko yote ni kwamba hugeuki nyuma.

"Ukigeuka tu," bibi alikuwa akisema huku akininyooshea mwiko, "yanakuona uso. Yanakufuata mpaka nyumbani, na safari hiyo hayatoki."

Kwa wasioujua, mwegea ni mti wenye matunda marefu yanayoning'inia kwa vikonyo virefu kama kamba, na tunda moja laweza kuwa na uzito wa mtoto mchanga. Hatukuuogopa mti wenyewe. Mchana tulikwenda pale kuokota matunda yaliyoanguka, tukayafunga mgongoni kwa vipande vya kanga, tukawa akina mama. Wangu nilimpa jina la kikristo, akabatizwa kwa maji ya mtaro. Wa Milembe alipewa jina la ng'ombe wao aliyekufa. Alisema ni jina zuri na halifai kupotea bure.

Milembe ndiye rafiki ninayemsimulia. Wazazi wake walikuwa Wasukuma, waliingia bondeni na ng'ombe zao miaka michache kabla, wakajenga ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Kati ya wakulima na wafugaji maneno hayakuisha, maana ng'ombe hajui mpaka. Bibi yangu alikuwa na kesi yake ya kudumu. Milembe akikaa kwetu mpaka chakula, bibi alimpakulia wali na kumwambia, "Kula, mwanangu. Ng'ombe wa baba yako wameshakula wa kwao shambani, umebaki wewe." Milembe alicheka mpaka wali ukamtoka puani. Alikuwa na meno madogo yaliyoachana, na alicheka kwa mdomo wote, bila kuuziba kwa kiganja kama tulivyofundishwa sisi wengine. Mpaka leo nikimsikia mtu anacheka hivyo sokoni, nageuza shingo.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, matubwitubwi yaliingia shuleni kwetu. Mimi niliyapata mapema, pande zote mbili, na homa, na maumivu ya kumeza hata mate. Siku ya tatu Milembe alikuja kuniona, naye shavu lake la kulia limejaa. Nikajiona mtu wa maana kwa kuwa nimemwambukiza. Bibi alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"La pili litakuja," alisema. "Mtakwenda pamoja."

Mama yake Milembe alikuwa na taratibu za kwao, lakini hakubisha. Alisema ugonjwa umepatikana hapa, basi na mti uwe wa hapa. Watu hufikiri mila zinagombana. Kwa nilivyoona mimi, akina mama wawili wenye watoto wagonjwa hupatana haraka kuliko wanavyodhani waume zao.

Basi tukaenda. Umande ulikuwa bado mzito kwenye majani, na tulikutana na mzee mmoja aliyeshusha baiskeli yake kando ili tupite. Tulibanwa na kicheko, lakini hatukusema neno. Milembe alianza. Alizunguka mara saba, akanong'ona maneno yake, akatupa kuni, akakimbia. Nami nikaanza. Nilikuwa nimemaliza mzunguko wa saba, nimeshatupa mzigo, ndipo tunda moja likakatika juu na kuanguka nyuma yangu, hatua mbili hivi. Kishindo chake nilikisikia kwenye nyayo.

Nikapiga kelele, "Milembe!"

Naye akageuka.

Tena hakugeuka tu. Alirudi mbio mpaka chini ya mti, akanishika mkono, akanivuta. Alinivuta hadi barabarani, na mimi, kwa uoga wangu, nilikuwa nimefumba macho. Mimi ndiye niliyetoka pale bila kutazama nyuma. Yeye aliutazama mwegea uso kwa uso, kwa sababu nilimwita.

Tulipoona tumefika mbali, alisema, "Usimwambie bibi." Nikasema sitamwambia.

Baada ya siku tano mashavu yangu yalirudi mahali pake, nikaanza tena kula kwa fujo. La Milembe halikurudi. Lile la pili halikuja, na hilo moja likazidi. Halikumuuma, na hilo ndilo lililokuwa la ajabu. Nilikuwa namwomba aniruhusu kulibonyeza, na chini ya ngozi palikuwa pagumu kama kokwa. Baada ya wiki mbili alikuwa anatafuna ugali kwa upande mmoja, akasimama, akatema jino kwenye kiganja. Halikuwa la utoto. Lilikuwa gego lililoota juzijuzi, lenye mizizi yake, na damu haikutoka ila kidogo. Tulilitazama wote wawili. Kisha akalitia kwenye pindo la gauni kama mtu anayeficha pipi.

Shavu likapanda. Jicho la upande ule likaanza kusukumwa juu, kope zikakaa wazi. Shuleni wakaacha kukaa naye dawati moja. Baba zake wadogo wakataka aitwe mganga wao kutoka huko walikotoka, aseme ni nani mwenye ng'ombe wachache aliyemwonea baba yake kijicho. Na kisimani, akina mama wa kwetu walikuwa na jibu lao tayari.

"Yule aligeuka," walisema. "Wageni hawajui masharti."

Nilikuwa pale na ndoo yangu. Sijawahi kubeba maji mazito kama ya siku ile. Nilijua kwamba ni kweli aligeuka, na nilijua kilichomgeuza. Usiku nilijishika taya langu zima, laini, nikaona nimeiba.

Asubuhi moja bibi alituita wote wawili uani. Alikuwa anapeta mchele, akaweka ungo chini, jambo ambalo hakulifanya hovyo. Alimwambia Milembe afungue mdomo, akaingiza kidole, akapapasa ufizi. Alikitoa kidole taratibu, akajifuta kwenye kanga.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema. "Sasa niambieni ukweli. Siku ile mtini, kuna aliyegeuka?"

Nilimwogopa bibi, lakini si fimbo yake niliyoiogopa. Niliogopa kwamba nikisema, itajulikana kwa wote kuwa mimi ndiye niliyemtia rafiki yangu ugonjwa.

"Hakuna, bibi," nikasema.

"Milembe?"

Milembe alinitazama kwa jicho lake zima. "Hatukugeuka, bibi."

Bibi alisema maneno ambayo sikuyaelewa uzito wake kwa miaka mingi.

"Mti ule ulibeba mashavu ya binti yangu, na yangu kabla ya hapo. Haujamrudishia mtu mzigo bure. Kama hamkugeuka, basi hili si tubwitubwi. Ni kitu kingine, na mimi sikijui."

Akajifunga kanga ya pili, akavuka mashamba ya mpunga siku hiyohiyo, yeye aliyekuwa ameapa kutokanyaga boma la wenye ng'ombe. Aliamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa lafudhi ya kwetu, watoto wa pale wakacheka. Nilimfuata, nikasimama kando ya zizi, nikamsikia akibishana na baba Milembe na wadogo zake.

"Mganga wenu mwiteni, simkatai," alisema. "Atakuja, atakula mbuzi, na mtoto atakuwa bado ana hicho kitu. Mpelekeni kwanza Ifakara hospitali. Wakishindwa, mbuzi bado yupo."

Baba Milembe alikuwa mtu mrefu, mkimya. Alimwambia mkewe afunge nguo. Kesho yake waliondoka na trekta lililokuwa likipeleka mpunga mjini.

Walirudi baada ya wiki na siku moja, kuchukua vitu tu. Mama Milembe alimsimulia bibi, nami nilijifanya nachambua mboga. Daktari alimkata Milembe kinyama kidogo ndani ya mdomo, kikapimwa. Akasema si jino lililooza, si matubwitubwi, wala si mkono wa mtu. Ni saratani ya taya, inayowapata watoto, hasa huku kwetu kwenye malaria nyingi. Akasema katika uvimbe wote aujuao hakuna unaokua kwa kasi kama huu, na kama wangekaa mwezi mmoja zaidi nyumbani asingekuwa na la kuwaambia. Lakini kwa kuwa unakua haraka, dawa nazo huukamata haraka. Hakuna kisu. Ni dawa ya dripu, na iko Dar es Salaam. Waende na treni ya kwanza.

"Nywele zitanyonyoka," mama Milembe alisema, na sauti ikamkatika hapo, kana kwamba katika yote aliyoambiwa hilo ndilo lililomshinda.

Nilimkuta Milembe nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia twende wote tukamwambie bibi kwamba aligeuka, ili arudishwe kwenye mwegea, azunguke upya, apone, asiende Dar. Nilikuwa na hakika kwamba hospitali zote za dunia zingehangaika bure, kwa sababu ugonjwa uliuona uso wake.

Alikuwa anaongea kwa shida, ulimi hauna nafasi. "Usiseme," aliniambia. "Utachapwa."

"Nichapwe."

"Sitaki kurudi kule mtini." Akameza mate. "Daktari amesema nitakuwa na shavu kama lako."

Basi nikampa kitu pekee nilichokuwa nacho, yaani sharti. Nikamwambia siku ya kupanda treni, asigeuke. Akishaweka mguu ndani, asitazame nyuma hata kidogo, hata akisikia jina lake. "Hata nikikuita mimi," nikasema. "Hasa nikikuita mimi."

Aliniahidi.

Siku ya treni nusu ya kijiji ilikuwa stesheni, maana treni ilikuwa ndiyo sinema yetu. Milembe alifungwa kanga kichwani mpaka shavuni. Alimpa bibi shikamoo, akapanda na mama yake, akakaa dirishani upande wetu. Kisha akatupa kisogo, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Watu walidhani ni kelele za honi. Treni ikaanza kuvuta, na mimi nikasahau kila kitu nilichomwagiza. Nikakimbia kando ya reli nikiita, "Milembe! Milembe!" mpaka kokoto zikanichubua vidole. Kile kisogo, na vile viwiko viwili vilivyoinuliwa, havikutikisika. Ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho.

Habari zilikuja kwa vipande, kupitia kwa watu wa njia ya reli. Kwanza kwamba nywele zote zimetoka. Kisha kwamba anatapika sana, amebaki mifupa. Kisha, kwenye wiki ya nne hivi, kwamba shavu linayeyuka. Aliyeleta habari alitumia neno hilohilo, linayeyuka, na bibi akamfanya alirudie mara tatu.

Msimu wa mpunga ulikuwa umefika. Kwetu msimu ukifika kijiji hubaki na kuku na wazee. Wengine tunahamia mashambani, tunalala kwenye dungu lililoinuliwa juu ya nguzo, na watoto tunawinga ndege kuanzia jua linapochomoza. Nilikuwa juu ya dungu na kombeo langu siku Milembe alipopita Mbingu. Walishuka na treni, yeye na mama yake, wakafika kwetu, wakamkuta bibi ambaye alibaki nyumbani kwa sababu ya mguu uliokuwa ukimuuma. Baba yake alikuwa ameshahamisha ng'ombe kwenda mbali kusini kutafuta malisho, na lori la kuwachukua liliondoka mchana uleule. Shambani kwetu ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Milembe aliuliza kama anaweza kunikimbilia. Mama yake akasema hapana.

Niliambiwa haya siku nne baadaye, nilipotumwa nyumbani kufuata chumvi.

"Rafiki yako alikuwa hapa," bibi alisema. "Amepona. Kichwa kina vinywele kama kifaranga. Amekuachia kuni."

"Ziko wapi?"

Bibi alitazama jikoni, akanitazama mimi. "Nimepikia," alisema. "Si kuni?"

Alisema zilikuwa kuni kavu, mzigo mdogo, zimefungwa kwa kamba ya mgomba, kama zile za mwegea. Milembe alikwenda kuziokota mwenyewe wakati mama yake anapumzika. Nililia pale mekoni nikichokonoa majivu, na bibi, masikini, hakuelewa kwa nini mtoto amlilie mtu aliyepona. Wala mimi nisingeweza kumweleza bila kusema lile jingine.

Kwa hiyo nilianza kumsumbua kwa maswali. Uso wake ulikuwaje, bibi? Jicho limerudi? Lile shavu limebaki na kovu? Anacheka vilevile? Bibi alijibu kwa miaka, kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa jambo lingine. Jicho limerudi. Kovu hakuna, ila ukitazama sana, shavu la kulia liko chini kidogo ya lenzake. Pengo lipo, na pengo lile lilimfanya acheke vibaya zaidi. Bibi alikuwa ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeuona ule uso, nami nilikuwa nachota kwake.

Ukweli nilimwambia nilipokuwa chuo cha ualimu, nimekuja likizo. Tulikuwa tunapeta mchele. Nilimwambia juu ya tunda, na kelele yangu, na Milembe aliyerudi chini ya mti kunivuta mkono. Nilidhani atacheka, kwani miaka ilikuwa imepita na mtoto alipona. Hakucheka. Aliuweka ungo chini.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "ningemrudisha mtini. Kwa mkono wangu huu. Ningemzungusha mara saba, nimwambie ngoja siku saba. Halafu saba nyingine."

Aliutazama mkono wenyewe, mbele na nyuma. Nikaushika. Tulikaa hivyo mpaka kuku wakaja kula mchele, na hakuna aliyewafukuza.

Bibi ameshafariki. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa Viwanja Sitini, na wenzangu wananitania kwamba nasalimiana na watoto kwa kuwashika taya. Ni kweli. Pande zote mbili, na homa, namwambia mzazi ampumzishe. Upande mmoja, pagumu, pasipouma, jino linalocheza, siulizi nani aligeuka na nani hakugeuka. Nawasindikiza mwenyewe mpaka mlango wa hospitali. Wamekuwa wawili mpaka sasa. Uwongo wangu uliokoa mtoto mara moja kwa bahati, na bahati si kitu cha kumfundishia mtu.

Lakini nisijifanye kwamba hilo limenitosha. Milembe, kama yu hai, ni mama wa watu sasa, yuko mahali fulani kusini na pengo lake, na huenda amenisahau. Nimeuliza wafugaji, nimeuliza minadani, wenye jina hilo ni wengi. Nina kisogo chake, nina viwiko vyake, nina sauti yake yenye ulimi mzito. Uso wake mzima nilikuwa nao zamani, lakini umefunikwa na ule uliovimba, na kila nikijaribu kuufunua nakuta maneno ya bibi. Ninamtamani mtu kwa uso niliosimuliwa.

Mwegea bado upo. Kila nikienda Mbingu kwenye kaburi la bibi napita pale, na sharti la zamani bado linanishika. Natembea bila kutazama nyuma mpaka barabarani, mahali Milembe aliponiachia mkono. Namwita mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita jirani.

Halafu nageuka.